Aliyeuzamisha Mji Wangu

Mwalimu wetu wa darasa la sita ndiye aliyeuzamisha mji wangu, na juu ya hayo nampenda kuliko walimu wote walionifundisha. Mambo haya mawili nimeyabeba pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila nikimsimulia mtu, mteja aliyekuja kupimwa dera au jirani aliyekuja kuomba sindano, hunikatiza: mji gani huo, Riziki? Basi nianze hapo, maana bila mto mmoja aliotuchorea darasani, mzee yule hafahamiki. Ya kuzaliwa kwake na ukoo wake sitayagusa. Wenye ukoo wapo, waulizwe wao.

Shule yetu ilikuwa karibu na Gede, na mwaka ule vitabu vya somo la jamii havikuja. Mwalimu alingoja wiki mbili. Wiki ya tatu aliingia darasani na kipande cha mkaa, akatupita sote bila kusema neno, akaenda ukuta wa nyuma na kuchora mstari uliopindapinda kutoka pembe hii hadi pembe ile. Tukageuza shingo. Akajipangusa mkono kwenye suruali, tena suruali nyeupe, akasema, "Huu ni Mto Marudi. Msiutafute kwenye ramani ya Kenya, mtajichosha bure."

Asubuhi Mto Marudi ulishuka kwenda baharini kama mito yote. Baada ya adhuhuri uligeuka ukapanda bara. Watoto wa kwingine labda wangecheka, lakini sisi tulikulia kando ya hori ya Mida, maji yanajaa na kupwa kila siku mbele ya macho yetu, kwa hivyo tulikubali mara moja. Kazi ilikuwa kwenye yale yaliyofuata. Mwalimu alitueleza kwamba kwa sababu ya kugeuka huko, hakuna mji uliokaa juu ya wenzake siku nzima. Ukimtupia jirani taka zako asubuhi, jioni zinakurudia, tena na zake juu. Ukimzibia maji, hujamaliza kumcheka na wewe umezibiwa. Miji ya mto ule ilikuwa saba, kila mmoja na mtawala wake, bendera yake na kiburi chake, na haikupendana hata kidogo. Ilikuwa saba kwa sababu safu za madawati zilikuwa saba.

Kulikuwa na Chekeni, ambako mfalme hakuruhusiwa kuamua kesi mpaka kwanza acheke, tena acheke kweli, si kujilazimisha. Kulikuwa na Sitiri, wenye mitumbwi, watu wa maneno machache na roho ngumu. Mwambapaa walijiona mabwana kwa kuwa walikaa dirishani. Tungamani ulikuwa mdomoni mwa mto, mji mkubwa wa chumvi, na malkia wake alikuwa Kadzo. Mingine miwili ilikuwa ya wapiga kelele, siitaji. Mimi nilipewa Nusura, kimji cha katikati ambacho kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Bila kamba zetu hakuna mtumbwi uliofungwa popote. Mwalimu alitwambia tuujaze mji watu, nami nikaujaza: ajuza aliyesokota kwa vidole vya miguu, mlinzi wa lango aliyeogopa vyura, mapacha waliooa nyumba moja wakagombana juu ya mlango. Niliwajua wote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilitawala. Wallahi sijapata cheo kama kile tena.

Sheria za mto zilikuwa nyingi, na nyingine Mwalimu alizitunga palepale akibanwa. Moja tu haikuguswa. Hakuna mji uliopigana na mwingine kabla ya kusalimiana. Na si salamu ile ya kurushiana njiani. Mtawala aende mwenyewe hadi safu ya adui, apige hodi, akaribishwe, aketi. Aulize hali ya mwenyeji, ya wazee, ya wagonjwa, ya watoto, ya shamba, ya mifugo, na baada ya kila swali anyamaze asikilize. "Kuuliza bila kusikiliza ni kupiga kelele," alikuwa akisema huku amefumba macho. Ndipo, ukiwa bado una hamu, useme: nimekuja kukupiga. Alidai vita vingi hufia baina ya wazee na mifugo. Tulijaribu, na ikawa kweli. Mfalme wa Chekeni alikwenda kuwapiga Sitiri akarudi na mwaliko wa arusi.

Usidhani lakini alikuwa malaika wa amani. Alikuwa mgomvi yule! Yeye na jirani yake waligombana miaka na miaka juu ya jogoo wa jirani aliyependa kuwika juu ya ukuta wa Mwalimu, na ugomvi ule niliushuhudia mara nyingi kwa kuwa njia ya kwetu ilipita hapo. Asubuhi Mwalimu anatoka na kikoi chake, jirani anatoka na mswaki mdomoni. "Assalaam alaikum." "Waalaikum salaam." Umeamkaje, sijambo, mama watoto je, mgongo wake je, kijana wa Mombasa amepiga simu, ile minazi iliyopigwa na upepo imesimama? Yote hayo kwa upole mkubwa, mmoja anauliza na mwingine anajibu kwa kirefu. Kisha Mwalimu anakohoa kidogo, anasema, "Na yule shetani wako mwenye manyoya?" Hapo ndipo sauti zinapanda hadi kuku wote wa mtaa wanakimbia. Jirani aliniambia siku moja kwamba hajapata kuwa na adui anayemjulia hali mkewe vizuri namna ile.

Na mtu aliyetuchorea mto mkubwa kuliko yote aliogopa maji. Ndiyo, aliogopa. Kwenda Mambrui lazima upite daraja la Sabaki, na Mwalimu akifika pale hufumba macho na kumshika mkono yeyote aliyeketi karibu naye, mwanamume au mwanamke, amjuaye au asiyemjua. Bibi mmoja wa Mambrui alimzaba kofi la mkono. Mwalimu akamwomba radhi, macho bado yamefumbwa, akamwuliza, "Tushavuka?" Bibi akasema bado. Akamshika tena. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe, kila mara bibi akiwa mkali zaidi, hadi mwisho alikuwa amempiga kwa kikapu cha samaki.

Safari hakuzipenda kabisa. Alikwenda Mtwapa mara moja kumtazama mpwa wake aliyepanga chumba huko, akakusudia kukaa wiki nzima, akarudi siku ileile. Tulimuuliza kulikoni. "Huko watu wanasalimiana kwa honi," akasema, na habari za Mtwapa zikaishia hapo.

Alikula kaimati kwa siri na kukataa hadharani. Alicheza dama kwa vifuniko vya soda na aliiba wazi, mchana kweupe, huku akikuuliza habari za nyumbani ili macho yako yamtazame usoni. Ukimkamata hucheka mpaka machozi, anakirudisha kifuniko mahali pake, na mchezo unaofuata anaiba tena. Nilimwambia siku moja, mimi mtu mzima sasa, "Mwalimu, wewe uliyetufundisha haki!" Akanijibu kwamba alitufundisha haki ya mtoni, ya dama hakuifundisha.

Mkaguzi alipokuja kutoka ofisi ya elimu ndipo tulipomwona Mwalimu akitoka jasho. Mkaguzi alikuwa bwana mrefu, miwani puani, faili kwapani. Akasimama mbele akauliza, "Nitajieni mto mkubwa mnaoujua." Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Marudi!" Akauliza uko wapi. Vidole arubaini vikaelekea ukuta wa nyuma. Yule bwana akageuka, akatembea polepole hadi ukutani, akavua miwani, akavaa miwani. Mwalimu alikuwa ameegemea ubao kama anayetaka kuingia ndani yake. Mkaguzi akaweka kidole juu ya Chekeni. "Na hawa, wanaishi kwa kazi gani?"

Mfalme wa Chekeni akasimama. Kwa sheria ya mji wake hakuweza kujibu kabla ya kucheka, kwa hivyo akacheka, akamchekea mkaguzi wa serikali usoni. Kisha akajibu vizuri sana habari za ngoma na za mashamba ya mtama, na Sitiri wakaingilia kupinga habari ya mtama, na Kadzo akasimama kueleza kwa nini chumvi haipandi bara siku za mvua, nami nikasema habari za kamba, na kengele ilipolia yule bwana alikuwa ameketi dawatini magoti yamefika kidevuni, akiomba uraia. Alitaka Mwambapaa. Mwambapaa wakamwambia hakuna nafasi. Aliandika nini kwenye ripoti yake hatujui, ila vitabu vilikuja mwezi uliofuata, na Mwalimu akatusomesha vitabu asubuhi na mto baada ya adhuhuri.

Sasa nije kwenye maji yaliyonichukulia mji. Ningependa kuyaruka lakini siwezi.

Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na Mwalimu alisema mtawala mmoja atasimama mbele ya wazazi aeleze ramani yote kwa niaba ya miji saba. Miji ikapiga kura. Akachaguliwa Kadzo. Huyu Kadzo alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Kwao walikuwa wakulima, shamba lao lilipakana na letu, na tulikwenda shule na kurudi njia moja, embe moja tukiling'ata kwa zamu. Ungedhani ningemfurahia. La! Donge lilinikaa hapa kooni, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu niliondoka nyumbani mapema bila kumngojea, nikawapanga watu wangu, na Kadzo alipoingia tu darasani, Mwalimu hajafika bado, nikavamia safu ya Tungamani. Sikupiga hodi. Sikuuliza kitu. Nikaing'oa bendera yao, nikakamata mfuko wa chumvi, chumvi ya kweli ambayo Kadzo alikuja nayo kutoka kwao kuwa hazina ya mji, nikaimwaga dirishani. "Vita!" nikapiga ukelele. "Nusura tumeshinda!"

Watu wangu wakashangilia kidogo, kisha wakarudi madawatini mmoja mmoja. Kadzo hakunipiga wala hakunitukana. Alichungulia dirishani akaitazama chumvi iliyoanza kuchanganyika na mchanga, akaketi, akalaza kichwa juu ya dawati.

Safu nzima ya Tungamani ilikuwa inajua nisilolijua, maana siku mbili zile nilikuwa nimejifungia ndani na donge langu. Mamake Kadzo alikuwa amekimbizwa hospitali Malindi Jumamosi, hajitambui, na tangu siku hiyo nyumbani kwao hakuna aliyelala. Ningeuliza habari za wagonjwa ningejua. Ilikuwa swali la tatu tu.

Jumanne Mwalimu aliingia na kitambaa kilichotota maji. Hakunichapa, na laiti angenichapa. Alikwenda ukuta wa nyuma akaifuta Nusura taratibu, pande zote, hadi pakabaki alama nyeusi ya majimaji inayochuruzika. "Nusura imekwenda na maji," akasema. Wenzangu wa safu yangu wakapewa uraia wa Sitiri, wakahamia kwa furaha, wanafiki wale. Mimi nikawekwa dawati la mlangoni, nikaitwa Mpita Njia hadi mwisho wa mwaka. Siku ya wazazi Kadzo alieleza ramani vizuri mno, na mimi nilibeba mabenchi.

Mamake alipona, alhamdulillah, na yungali hai hadi leo. Lakini mimi nilishindwa kumwendea Kadzo. Niliona haya, na haya ikageuka mazoea. Leo ana duka lake pale Gede karibu na steji, nami nina cherehani yangu Malindi, na kila nikipita kwake nasema "Salama?" naye anasema "Salama." Miaka yote hii, neno moja kwa moja. Mimi niliyemwambia siri zangu zote njiani.

Utasema, mambo ya kitoto, yamekwisha. Yamekwisha wapi? Wenzetu wale wamezeeka na bado ni raia. Ikiwa arusi ya mtoto wa mmoja wetu, pilau huletwa na sinia hugawanywa kwa miji. Sinia hii Chekeni, sinia ile Mwambapaa, na Chekeni wanacheka kabla ya kunawa. Mimi nasimama na leso yangu kiunoni. "Mpita Njia, njoo kula kwetu leo," ananiita huyu. "Hapana, wiki jana alikula kwenu, leo zamu yetu," anasema yule. Nacheka nao. Naketi pembeni mwa sinia ya watu. Na ndani inaniuma, nasema kweli, inaniuma mimi mtu mzima mwenye wajukuu wawili.

Kwa hivyo kila nilipokutana na Mwalimu nilimdai. Nilimdai sokoni, nilimdai kwenye matanga, nilimdai foleni ya benki. "Mwalimu, nirudishie mji wangu." Naye, bila kusita, "Malkia, maji hayajapungua bado." Tunacheka, ananiuliza habari za cherehani, tunaachana. Niliamini ipo siku atachoka akubali.

Halafu mwaka huu nikasikia ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na bintiye amemchukua kwake Ganda. Nilikuwa nakata kitambaa cha mteja. Mkasi ukasimama. Nilimhurumia, bila shaka, lakini wazo la kwanza kabisa, Mungu anisamehe, lilikuwa Nusura. Ule mto hauna mwenyewe mwingine. Mzee akiondoka, nani atakuwa na amri ya kuuinua mji ule? Ningebaki mpita njia mpaka kaburini. Siku ya pili yake niliufunga mlango wa duka saa nane za mchana, nikaenda Ganda.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kigoda, amevaa fulana na kofia yake iliyopigwa pasi. Mbele yake kulikuwa na shamba la kunde. Amekonda mzee yule, masikio yamekuwa makubwa. Lakini aliponiona meno yote yaliyobaki yalitoka nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Malkia usiye na mji. Karibu, keti, hapo hakuna siafu."

Nilikuwa nimejipanga njia nzima kusema nililojia. Lakini namjua. Nikamuuliza hali. Akanipa nyonga yote, mfupa kwa mfupa, na chuma walichomtia. Nikamuuliza dawa, akazitukana. Nikauliza bintiye, akapunguza sauti akasema, "Ananinyima sukari huyu, mwanangu wa kumzaa." Nikauliza wajukuu, shamba, ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amemlia shati. Bintiye akaleta chai akatuacha, na Mwalimu akasema, "Haya. Sasa sema."

"Mwalimu, leo sikuja kwa mzaha," nikaanza, na sikufika mbali. Nikalia, nimeshika kikombe. Nikamwambia habari za sinia. Nikamwambia kwamba yeye akiondoka mji wangu umekwenda kabisa. Nikamwambia nilikuwa mtoto, na adhabu gani hii isiyo na mwisho?

Alinisikiliza hadi nikamaliza kujipangusa pua. "Siwezi," akasema. "Maji hayaambiwi yarudi nyuma kwa kuwa mtu amelia."

"Mto wako si hurudi nyuma kila siku?"

Alicheka hadi akashika nyonga. "Hapo umenipata. Lakini hurudi maji, Riziki. Kuta za udongo zikishalowa hazirudi." Kisha akaacha kucheka na kunitazama kwa macho yale aliyotutazamia darasani mtu akikosa hesabu rahisi. "Miaka yote hii wanidai kuta. Wanidai bendera, wanidai cheo. Watu wako je? Ushaniuliza hata siku moja walikwenda wapi?"

Ajuza wangu. Mlinzi wangu wa lango. Wale mapacha. Niliulilia mji mpaka machozi yakakauka, na sikuwahi kuuliza ni nani aliyetoka ndani yake akiwa hai.

"Walikwenda wapi, Mwalimu?"

"Ahaa!" Akapiga paja, akajuta mara moja kwa maumivu. "Mama! Wewe mama! Niletee shuka langu!"

Bintiye akatoka nalo ndani, amezoea. Lilikuwa shuka la kitanda, jeupe zamani, na juu yake Mto Marudi wote kwa kalamu za rangi, mkubwa kuliko ule wa ukutani, na vijiji ambavyo sisi hatukuwahi kuvijua. Tulilitandaza juu ya mkeka. Nilitafuta Nusura kwa kidole. Pale palikuwa samawati tupu. Nikateremka na mto hadi mdomoni, hadi Tungamani, na ndani ya kuta za Tungamani, upande jua linakochomoza, nikakuta nyumba nyingi ndogo ndogo zilizobanana, na maandishi: Kwa Wanusura.

"Siku ileile ya Jumanne," akasema Mwalimu. "Saa ya mapumziko nimekaa na chai yangu, mara Kadzo huyo. Mamake bado yuko hospitali hajafungua macho. Akaniuliza, Mwalimu, watu wa Nusura wamefika wapi? Nikamwambia maji yamewachukua. Akafikiri. Akasema, maji ya asubuhi yanakuja mdomoni, kwa hivyo wataelea mpaka kwangu. Nawapokea. Tukawatoa majini mmoja mmoja, mimi na yeye, mpaka kengele ikalia."

"Na hukuniambia!"

"Aliniapisha. Alisema, usimwambie Riziki mpaka aulize mwenyewe. Nami sivunji ahadi ya malkia. Nimezeeka nikingoja swali lako, mwanangu."

Nililia tena, safari hii kilio kingine, cha aibu na furaha vikisukumana. Mwalimu aliniacha. Alichukua nafasi hiyo kujitilia vijiko vitatu vya sukari. Alipomaliza kukoroga alisema, "Simu unayo?"

Nambari ya Kadzo nilikuwa nayo tangu lile kundi letu la darasa la kwenye simu, sijapata kuipiga. Nikaipiga. Mwalimu akaniashiria niweke sauti kubwa, akajiegemeza mbele, mkono sikioni.

"Haloo?"

"Kadzo, ni mimi Riziki."

"Riziki?" Alishtuka. "Salama?"

Mazoea yakataka kujibu salama na kukata. Nikapumua. "Salama. Nakupigia kukujulia hali. Wewe hujambo, Kadzo?"

Akasema hajambo. Nikauliza watoto, na nikanyamaza. Akaniambia kwa kifupi, kisha kwa kirefu, kwamba wa mwisho amemaliza shule na kutwa yuko kitandani na simu. Nikauliza wagonjwa. Akasema mguu wake mwenyewe unavimba akisimama sana dukani. Nikasema, "Na mama? Nimechelewa kukuuliza habari za mama, Kadzo. Nimechelewa sana." Akasema mamake yuko, hasikii vizuri sasa, lakini anakula, na majuzi alikuwa akiulizia, yule mtoto mliyekuwa mkienda naye shule yuko wapi siku hizi. Nikauliza shamba. Nikauliza mbuzi. Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa baada ya kila jibu.

Maswali yakaisha.

"Kadzo," nikasema, "habari za watu wangu?"

Nilisikia mteja wake akitaka kiberiti, naye akimwambia, ngoja kwanza. Nilisikia akivuta kiti akiketi.

"Wazima," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wamezaana, Riziki. Mwaka jana niliwaongezea mtaa. Njoo uwaone."